Mzega, Boriti na Chuma: Historia ya Kuingia Chini ya Mzigo

Kiswahili hutofautisha kuinua na kujitwika. Anayeinua huupandisha mzigo kwa nguvu za mikono na mgongo; anayejitwika huupandisha kiasi, kisha yeye mwenyewe huingia chini yake na kusimama nao. Tofauti hiyo, ambayo mama wa Gazi au Vanga mwenye mtungi wa maji aliijua tangu utotoni, ndiyo inayowagawa makocha wa kunyanyua vyuma kwa mtindo wa Olimpiki: je, mwanamichezo afanye zaidi mnyanyuo wa juu, ambao chuma hupokewa magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu, au mnyanyuo kamili, ambao hupokewa mtu akiwa amechuchumaa mpaka chini? Hoja yangu ni kwamba kazi za kale za pwani ziliegemea njia ya pili, na kwamba vijana wa leo wa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, wanaong'ang'ania ile ya kwanza wamefikishwa hapo na zana zao, wala si miili yao wala desturi za wazee wao.

Tumtazame mchukuzi wa maji wa miji ya pwani. Chombo chake kilikuwa mzega, yaani mti mmoja, mpiko, wenye debe la maji kila upande. Debe la mafuta ya taa huchukua takriban lita 18, kwa hiyo jozi ilikuwa na kilo 36 za maji kabla ya kuhesabu bati na mti wenyewe. Umbo hilo ni la chuma cha mashindano: fimbo katikati, uzito ncha mbili. Mchukuzi hakuyavuta madebe kwa mikono mpaka begani. Aliinama, akaingiza bega chini ya mti mahali penye urari, akainuka kwa mapaja, taratibu, kwa sababu maji yanayosukasuka humwaga ujira. Mikokoni mambo yalikuwa hayohayo. Kabla Kenya haijapiga marufuku mwaka 1982 kuuza nje miti ya mikoko, misitu ya kuanzia Lamu hadi Vanga ilitoa fito, pau, boriti na nguzo, zikahesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na majahazi yakazipeleka Arabuni na Ghuba kwa upepo wa kusi. Boriti mbichi haibebwi kwa kukumbatiwa. Husimamishwa kwa ncha moja, mtu akaingia chini yake katikati, akaiacha ilale begani, ndipo akasimama. Katika tope linalomeza mguu, anayetegemea mgongo peke yake hadumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mchezo wenyewe ulichelewa kulikubali jambo hilo. Hadi miaka ya 1950 mabingwa wengi walipokea chuma kwa kutanua miguu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Huko Akron, Ohio, Marekani, kocha Larry Barnholth aliwafundisha vijana wake kuchuchumaa, na mmoja wao, Pete George, akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Helsinki mwaka 1952. Taratibu ulimwengu ulihamia huko kwa sababu ya hesabu tu: kadiri unavyopokea chini, ndivyo chuma kinavyohitaji kuvutwa umbali mdogo, na ndivyo uzito unavyoweza kuongezwa. Baada ya Michezo ya Munich ya 1972, mnyanyuo wa kusukuma kwa mikono kutoka kifuani ulifutwa. Ikabaki miwili, kunyakua, na kupandisha kifuani kisha kusukuma juu. Hapo shule mbili zikaonekana wazi. Wasovieti walipanga mazoezi ya namna nyingi, mnyanyuo wa juu ukiwamo. Kocha Ivan Abadjiev wa Bulgaria, ambaye timu yake ilipata dhahabu tatu Munich, aliyapunguza hadi machache na kukazia minyanyuo ya mashindano karibu na kikomo cha uwezo. Wanaomsifu wakumbuke kwamba timu ya Bulgaria ilijiondoa kwenye Michezo ya Seoul mwaka 1988 baada ya wanyanyuaji wake wawili walioshinda dhahabu kupatikana na dawa zilizokatazwa. Mpango unaoudai mwili upone upesi kiasi hicho hauwezi kuwa kipimo cha mwanafunzi wa sekondari wa Msambweni.

Turudi basi Kwale, katika miji kama Ukunda na Msambweni. Chuma cha mtaani, kama kwingineko nchini, ni bomba lililozikwa ncha zake katika makopo ya rangi yaliyojaa saruji. Kimejenga vifua vya vijana wengi wasio na uwezo wa kulipia jimu ya hoteli. Lakini kitazame kwa karibu. Sahani kubwa ya mashindano ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo fimbo hukaa sentimita 22.5 juu ya sakafu; kopo huiweka chini zaidi, na mgongo hupinda kabla mzigo haujaondoka. Fimbo ya mashindano, ya kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, ina ncha zinazozunguka ili viwiko vigeuke upesi. Bomba la saruji limeshikana, likigeuka hugeuka lote, na vifundo vya mikono ndivyo vinavyolipa. Tena haliachiwi lianguke, maana litapasuka. Mtu asiyeweza kuutupa mzigo uliomshinda ana haki ya kuogopa kukaa chini yake. Basi huvuta juu, hupokea akiwa karibu kusimama, na baada ya miaka mazoea hayo huitwa mtindo wetu, ingawa aliyeuchagua ni saruji.

Watasema wengine kwamba kuchuchumaa na uzito huharibu magoti. Hofu hiyo yaeleweka kwa watu waliokulia vitini. Huku mtu hufua na kuparua samaki akiwa amechuchumaa. Kina hicho goti lake linakijua. Kigeni ni uzito, nao huongezwa polepole, kwa kuanza na fimbo tupu. Hoja ya pili ni nzito zaidi: mwanakandanda au mkimbiaji ana haja gani na mnyanyuo kamili? Kweli, kwake ule wa juu unatosha, kwa kuwa anachotafuta ni kasi ya nyonga na miguu. Hata mshindani anauhitaji, kwa sababu haumruhusu kukimbilia chini kabla hajamaliza kuvuta. Makocha wengi hutarajia ufikie asilimia 80 hadi 85 ya mnyanyuo kamili. Ukizidi sana, mtu ana nguvu asiyojua kuishusha chini ya chuma. Ukipungua sana, mvuto wake ni dhaifu.

Kwa hiyo mizani ielemee mnyanyuo kamili, uwe kazi ya siku nyingi za juma, na ule wa juu ubaki kwa siku nyepesi na kwa anayeanza ambaye bado hajatulia chini. Wajukuu wa wabeba boriti hawajapungukiwa na mapaja wala maarifa. Wamepungukiwa na zana. Shule na vituo vya vijana vya Kwale vikipata fedha za michezo, vinunue kwanza fimbo moja yenye ncha zinazozunguka, jozi za sahani za mpira na jukwaa la mbao la kuziangushia. Jezi zisubiri.