Mafuta Yaliyojificha Kooni

Uvimbe wa mafuta shingoni huwadanganya hata madaktari. Ukibonyezwa hubonyea na kurudi, kana kwamba ndani mna usaha. Ndiyo maana wanafunzi wa upasuaji huonywa wasikimbilie kuupasua kama jipu.

Mwaka 1846, Benjamin Brodie, aliyekuwa mpasuaji wa Hospitali ya St George's jijini London, alieleza habari za mgonjwa aliyejaa mafuta shingoni. Mwaka 1888 Otto Madelung wa Rostock, Ujerumani, akakusanya visa 33: mafuta yameizunguka shingo hadi kidevu kimemezwa. Miaka kumi baadaye Launois na Bensaude, madaktari wa Ufaransa, wakaeleza visa 65. Jina walilouchagulia ugonjwa huo liliyahusisha mafuta na tezi, kimakosa. Siwalaumu, walitegemea zaidi macho na vidole.

Wagonjwa hao angalau walionekana kwa nje. Taabu ilikuwa kwa yule ambaye uvimbe umeota nyuma ya koromeo au ndani ya zoloto: anakoroma, tonge linakwama, sauti inakuwa nzito, na shingoni hakuna kitu. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa kuimba mwenye asili ya Hispania, aliingiza kioo kidogo kinywani, akaelekeza mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake za sauti. Hatua kubwa, lakini kioo huonyesha utando wa juu tu. Chini yake panaweza kuwa na mafuta, usaha au saratani.

Jibu lilianzia Afrika. Mwaka 1956, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alijiuliza namna ya kupima kiasi cha eksirei kinachonywewa na kila sehemu ya mwili. Hesabu zake alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kuzijua, akaunda mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel.

Katika kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha kiasi cha eksirei kilichonywewa, maji ni 0, hewa ni -1000, na mafuta huangukia karibu na -100. Usaha kwa kawaida haushuki hapo, wala tezi. Donge la nyuma ya koromeo linajitaja lenyewe kabla ya kisu kuguswa.

Ila ipo saratani ya mafuta inayokua polepole, nayo husomeka karibu namba hizohizo. Kwa hiyo donge likishatolewa hupelekwa maabara, likakatwa vipande vyembamba na kuchunguzwa kwa hadubini.