Kiasi Kwanza, Kaliba Baadaye

Anayetaka kuundiwa bunduki ya kulenga shabaha iliyo mbali mno, kilomita mbili au zaidi, huulizwa kwanza: kaliba gani? Swali hilo limekaa upande. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi. Haitaji uzito wa risasi, wala urefu wa ganda, wala baruti iliyomo. Risasi yenye upana wa milimita 8.6 hutiwa katika .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958, na hiyo hiyo hutiwa katika .338 Lapua Magnum. Kaliba ni moja, ila ya pili ina ganda nene zaidi na baruti nyingi zaidi, na inafika mbali ambako ya kwanza imeshachoka. Kiswahili cha zamani kilikuwa na jina la kitu hicho kizima, yaani ganda, fataki, baruti na risasi yake: kiliitwa kiasi. Ninapendekeza tulirudishe kazini. Mjenzi achague kiasi. Kaliba itafuata yenyewe.

Ushahidi wa kale wa hoja hii uko jirani na Chwele, magharibi mwa Kenya. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwindaji Mskoti W. D. M. Bell alipitia Mumias akielekea Karamoja kutafuta pembe. Aliua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya Rigby ya milimita 7, wakati wenzake wakitegemea bunduki nene zilizowaumiza mabega. (Simsifu, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na ilikuwa imechelewa.) Risasi yake ilikuwa ndefu na nzito kulingana na upana wake, ikapenya fuvu bila kupinda, naye alijua pa kuielekeza. Bell alipiga kwa karibu, lakini sifa hiyo ya risasi ndiyo inayotakiwa mbali pia. Risasi ndefu yenye ncha kali hukata hewa vizuri, ikachelewa kushuka chini ya kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde. Inapovuka mpaka huo huanza kuyumba, na hapo hesabu za mlengaji huharibika. Hata mahali pana mchango wake: Chwele, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, na kiasi kile kile kitafika mbali zaidi.

Atakayepinga atasema kiasi tayari lina maana nyingine, litawachanganya wasomaji. Lakini risasi nalo lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoruka, na hakuna anayekwama. Kaliba lisifukuzwe, libaki na kazi yake ya kutaja upana.

Sehemu inayopokea kiasi, kukifungia na kukifyatua, nisingeiita kitendo, kama wafasiri wenye haraka wanavyofanya. Mtambo linatosha, na limetumika kwa bunduki tangu zamani. Ule unaofungwa kwa mkono kwa kusukuma na kuzungusha chuma uitwe mtambo wa komeo, kwa kuwa hicho chuma hufanya kazi ya komeo la mlango. Mtambo huchaguliwa baada ya kiasi. Kitako cha ganda la Winchester kina upana wa milimita 13.5, cha Lapua karibu 15, na kiasi kizima cha Lapua hufikia urefu wa milimita 93.5. Mtambo uliochongwa kwa ajili ya cha kwanza hauwezi kupewa mtutu mpya tu na kuitwa wa cha pili: komeo halitashika kitako, na kiasi hakitaenea katika kasha la mtambo. Kuna wanaotetea mtambo unaojijaza wenyewe, kwamba ni mwepesi wa kurudia. Katika masafa haya wepesi huo hauna faida, maana risasi hukaa hewani sekunde kadhaa, na mlengaji lazima aione imetua wapi kabla ya kurekebisha. Muda huo unamtosha kuvuta komeo mara mbili.