Walipeana mbegu, maji yakabaki ya mwenye kisima

Mwaka 1878 serikali kadhaa za Ulaya zilitia sahihi mjini Bern, Uswisi, mkataba wa kupambana na mdudu. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimemaliza vita miaka saba tu nyuma, na uhasama haujapoa, lakini zote mbili zilisaini. Filoksera, kidudu cha kutazamwa kwa lenzi, kilikuwa kimevuka Atlantiki ndani ya miche kutoka Amerika na kuanza kula mizizi ya mizabibu ya kusini mwa Ufaransa. Jules-Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, alikigundua pamoja na wenzake wawili mwaka 1868. Dawa ilipatikana, na ilitoka kulekule ulikotoka ugonjwa: mizabibu ya Ulaya ilibebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake humstahimili mdudu. Hakuna serikali iliyolazimishwa kushiriki. Kila moja ilijua kwamba shamba la jirani likifa, lake linafuata. Hapo ndipo penye siri ya ushirikiano wa kilimo katika bonde la Mediterania, na hapo hapo pana udhaifu wake. Mataifa ya bonde hilo yamefundishana, yametafiti pamoja na kupeana vitu vya thamani kila hasara ilipokuwa ya wote. Pale ambapo faida ya mmoja ni upungufu wa mwenzake, elimu ileile imeishia kumnoa mwenye nguvu.

Wazo la kuwa na chombo cha kudumu halikuanzia kwa mawaziri. Lilitoka kwa David Lubin, mfanyabiashara wa California aliyezunguka Ulaya akihubiri kwamba mkulima anapunjwa kwa kuwa hajui mavuno na bei za kwingine. Mfalme Victor Emmanuel III wa Italia alimsikiliza, na mwaka 1905 Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo ikaundwa Roma. Kazi zake zilikuja kurithiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini Mediterania ya siku za Lubin ilikuwa bahari ya wakoloni. Shule ya kilimo iliyofunguliwa Tunis mwaka 1898, ambayo leo ni chuo cha taifa, iliitwa waziwazi shule ya kilimo ya kikoloni, na ujuzi wake ulilenga walowezi. Anayetaka kuusifu ushirikiano wa zamani akumbuke nani aliketi darasani.

Ndiyo maana mwaka 1962 una uzito. Mwaka huo, kwa msukumo wa shirika la uchumi la OECD na Baraza la Ulaya, nchi saba zilianzisha kituo cha kimataifa cha masomo ya juu ya kilimo cha Mediterania, kinachojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CIHEAM. Nchi hizo zilikuwa Ufaransa, Italia, Hispania, Ureno, Ugiriki, Uturuki na Yugoslavia. Makao makuu yaliwekwa Paris, na vyuo vyake leo ni vinne: Bari, Montpellier, Zaragoza na Chania katika kisiwa cha Krete. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ziliingia Tunisia, Misri, Aljeria, Malta, Moroko, Albania na Lebanon, na sasa, Yugoslavia ikiwa haipo tena, wanachama ni 13. Wakosoaji hutazama orodha hiyo ya vyuo na kuuliza swali la haki: mbona vyote vinne viko upande wa kaskazini? Kijana wa Sfax au wa Delta ya Nile hupanda ndege kwenda kusomea ukame katika nchi yenye mvua kuliko kwao, na wapo wasiorudi. Hoja hii haina jibu la kuimaliza. Hata hivyo, wanaorudi huingia wizarani na vituo vya utafiti wakiwa wamekaa benchi moja na Mgiriki, Mwalbania na Mlebanoni, wakasoma mbinu moja ya kupima chumvi kwenye udongo. Ugonjwa unapozuka wanajua nani wa kumpigia simu, na simu hiyo haingoji mabalozi wakubaliane.

Mfano ulio bora kuliko wote uko nje ya CIHEAM. Kituo cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, ICARDA, kilianzishwa mwaka 1977. Vita vya Lebanon vilichangia makao yake kupelekwa Syria, mahali paitwapo Tel Hadya, nje ya Aleppo. Pale kilikusanya ngano, shayiri, dengu na kunde za aina nyingi kutoka katika nchi ambako kilimo cha nafaka kilizaliwa. Sampuli zilikuwa takriban 150,000, na nyingi kati ya hizo hazilimwi tena popote. Kuanzia 2008 nakala zake zilipelekwa Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, kuhifadhiwa chini ya mlima wenye barafu. Vita vya Syria vilipokifikia kituo, wafanyakazi walihama. Mwaka 2015 ICARDA ikawa ya kwanza kuomba kurudishiwa mbegu kutoka hifadhi hiyo. Zilipandwa katika bonde la Bekaa nchini Lebanon na huko Moroko, zikavunwa, na kuanzia 2017 nakala mpya zikarejeshwa Svalbard. Vita vya Lebanon viliwapeleka Syria, vita vya Syria vikawarudisha Lebanon, na mbegu hazikupotea. Kila aliyehusika alielewa kwamba mbegu ukimpa mwenzako haipungui kwako.

Ushirikiano wa namna hiyo unapita kwetu pia. Mwaka 1998 ilionekana Uganda aina mpya ya kutu ya shina la ngano, iliyokuja kuitwa Ug99, yenye uwezo wa kushambulia ngano nyingi zilizodhaniwa kuwa salama. Ilisambaa Kenya na Ethiopia, na kufikia 2008 ilishathibitishwa Yemen na Iran. Kituo cha utafiti cha Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kimekuwa uwanja wa mtihani: watafiti wa nchi nyingi zinazokula mkate kila siku hupeleka ngano zao zikakutane na kutu hiyo, ili waone ipi inasimama. Mwaka 2016 aina nyingine ya kutu ya shina iliibuka katika mashamba ya Sicily, na waliokuwa wakidhani ugonjwa huo ni historia katika Ulaya wakanyamaza.

Pingamizi zito zaidi linatoka Italia yenyewe. Mwaka 2013 wataalamu walithibitisha kwamba mizeituni iliyokuwa ikikauka karibu na Gallipoli, katika jimbo la Puglia, imeshambuliwa na bakteria Xylella fastidiosa, ambaye huziba mishipa ya maji ya mti na kusambazwa na mdudu mfyonza utomvu. Miti kwa mamilioni imekufa, mingine ilikuwa na umri wa karne kadhaa. Miaka mitatu kabla, chuo cha Bari kilikuwa kimefanya mafunzo ya kuwawezesha wataalamu kumtambua bakteria huyo. Wakulima waliunganisha mambo mawili: waliofundisha ndio walioleta. Mwaka 2015 waendesha mashtaka wa Lecce waliweka watu kumi chini ya uchunguzi, watafiti wakiwemo, na ukataji wa miti ukasimamishwa. Hasira ya wakulima ilieleweka, lakini ushahidi ulielekea kwingine. Vinasaba vya bakteria wa Puglia vilishabihiana na vya Kosta Rika, na njia inayoaminika zaidi ni mibuni ya mapambo iliyoingizwa kibiashara. Mwaka 2019 shauri lilifungwa bila kesi. Kilichoigharimu Puglia ni muda: bakteria alisonga mbele huku wanaomjua wakijitetea. Matumaini ya sasa yako kwenye aina chache zenye ustahimilivu, kama Leccino, zilizotambuliwa na watafiti walewale.

Kwenye maji, mambo hugeuka. Umwagiliaji wa matone ni fahari ya vyuo vya Mediterania, na kwenye shamba la majaribio hufanya kinachosemwa: mmea uleule, maji machache. Moroko iliuweka katikati ya mpango wake wa kilimo wa 2008, ikitoa ruzuku iliyofikia asilimia 80 ya gharama, na 100 kwa wakulima wadogo. Watafiti waliofuatilia mashamba waligundua kwamba maji yaliyookolewa hayakurudi ardhini. Mwenye mtaji alipanua eneo, akaacha nafaka na kupanda matunda na mboga za kuuza nje, kisha akachimba kisima kirefu zaidi. Jirani mwenye kisima kifupi akabaki na ndoo tupu. Mbinu haikukosea, ilitolewa bila kikomo cha maji ambayo kila mmoja anaruhusiwa kuvuta.

Wapo watakaosema kikomo ni kazi ya serikali, si ya walimu na watafiti. Ningekubali kama walimu na watafiti hao wasingelipwa na serikali hizohizo. PRIMA, mpango wa utafiti wa Mediterania ulioidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2017 na wenye makao Barcelona, ulitengewa mwanzoni karibu nusu ya bilioni ya euro kwa miaka kumi, na usimamizi wa maji ni mojawapo ya nguzo zake tatu. Fedha hizo zinaweza kutolewa kwa sharti: mradi wa kuokoa maji uoneshe kiwango cha maji kisimani baada ya miaka mitano, si mavuno kwa hekta peke yake. Aljeria, Tunisia na Libya tayari zina chombo cha kushauriana kuhusu hifadhi kubwa ya maji iliyo chini ya Sahara ya kaskazini, na wataalamu wao hubadilishana takwimu. Takwimu hizo zinaonesha kwamba maji yanayovutwa kila mwaka ni zaidi ya mara mbili ya yanayoingia. Kuhesabu wamekwisha kuhesabu. Kilichobaki ni kila nchi kukubali kuvuta kidogo kuliko inavyoweza.