Deni la Shule Zetu kwa Watoto Waliokataliwa

Tunapomwona mtoto wa miaka minne akipanga vipande vya mbao kwa ukubwa wake, au akifuatisha herufi kwa kidole, twadhani kwamba mazoezi hayo yalibuniwa kwa ajili ya watoto wasio na ulemavu. Historia yasema vingine.

Mwaka 1800, katika jimbo la Aveyron, kusini mwa Ufaransa, alipatikana mvulana wa miaka ipatayo 12 aliyeishi peke yake msituni, asiye na lugha. Alipofikishwa Paris, Philippe Pinel, daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili, alitoa hukumu kwamba hafundishiki. Jean Itard, daktari kijana wa shule ya viziwi, hakukubali. Kwa muda wa miaka mitano hivi alimfunza Victor kwa kuamsha milango yake ya fahamu, huku Bi Guérin akimlea kama mama. Victor hakupata kuzungumza. Walakini alijifunza kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuwapenda waliomtunza.

Édouard Séguin, mwanafunzi wa Itard, aliendeleza kazi hiyo kwa kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris, na mwaka 1846 akatoa kitabu kikubwa juu ya malezi yao.

Miaka hamsini baadaye, mjini Roma, Maria Montessori, aliyehitimu udaktari mwaka 1896, aliwakuta watoto wa namna hiyo wamewekwa pamoja na wagonjwa wa akili. Yasimuliwa kwamba mtumishi mmoja aliwalaumu kwa kugombania makombo sakafuni baada ya kula. Montessori akakitazama chumba: hakikuwa na kitu chochote cha kushika. Akafahamu kwamba mikono yao na akili zao ndizo zilizokuwa na njaa. Akayatafsiri maandiko ya Itard na Séguin, akiyanakili kwa mkono wake, na mwaka 1900 akaongoza pamoja na Giuseppe Montesano shule ya kuandaa walimu wa watoto hao. Baadhi ya watoto aliowafundisha walifaulu mtihani wa kusoma na kuandika sawa na wale wa shule za kawaida. Watu walistaajabu, yeye alijiuliza ni nini basi kinachowarudisha nyuma watoto wengine.

Tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania, Nyumba ya Watoto ilifunguliwa San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Kwa watoto wenye ulemavu Montessori alikuwa ametumia herufi za mbao. Hapa, zilipokosekana, alikata herufi za karatasi ya msasa. Njia hiyo ikaenea duniani.

Lakini tukubali pia uchungu wa historia hii. Montessori mwenyewe aliiacha shule ya kwanza mwaka 1901. Zawadi ilitoka kwa wanyonge ikawafikia wenye nguvu, na mara nyingi haikurudi ilikotoka. Leo mama hufika mlangoni pa shule akiwa na mtoto asiyesema, akaambiwa kwamba hapa si mahali pake. Nao wanaomjibu hivyo wameshika mikononi vyombo vilivyobuniwa kwa ajili ya mtoto kama huyo.

Basi tusimwite mtoto huyo mzigo wa shule zetu. Siku tunapompokea, tunaanza kulipa deni.