Mlengaji wa mashoto na bastola ya silinda

Bastola ya silinda iliundwa kwa kumfikiria mtu wa mkono wa kulia: kitufe cha kuifungua kiko ubavu wa kushoto, na silinda hutokeza upande huo huo. Mshindani wa mashoto, awe wa Matasia au wa Marekani, hupoteza muda akiihamisha silaha mkononi.

Afadhali asiuachie mshiko. Kidole cha shahada, kikiisha kutoka kwenye kifyatulio, hubonyeza kitufe. Mkono wa kulia husukuma silinda, hutoa maganda mtutu ukielekea juu, kisha mtutu ukiinamishwa huingiza risasi zote sita kwa mkupuo kwa kifaa cha duara. Kitufe cha Smith & Wesson husukumwa mbele; cha Colt huvutwa nyuma, na hapo kidole hutaabika.

Mwaka 1999 Jerry Miculek, Mmarekani, alifyatua risasi 12, kujaza upya kukiwamo, kwa sekunde 2.99.

Mazoezi ya kujaza hufanywa kwa risasi bandia. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka kila mmiliki awe na leseni.