Ufuatiliaji wa haki kwenye vizuizi vya barabara, Bujumbura

Ufuatiliaji wa haki kwenye vizuizi vya barabara ni kazi ya kiraia ya kuandika yanayowapata wapita njia mikononi mwa askari. Mfano wake maarufu ni Machsom Watch, kikundi cha wanawake wa Israeli kilichoanza mwaka 2001 na kinachoshuhudia namna vituo vya ukaguzi vya jeshi vinavyokwamisha safari za kila siku za Wapalestina.

Bujumbura, nchini Burundi, haikuwa na kikundi cha namna hiyo hasa. Kazi iliyokaribiana nayo ilifanywa na mashirika ya haki za binadamu kama Ligue Iteka (1991) na APRODH, lililoanzishwa mwaka 2001 na Pierre Claver Mbonimpa, mfungwa wa zamani. Maandamano ya Aprili 2015 dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipozuka, vijana waliziba njia za mitaa, na polisi wakaweka vizuizi vyao. Kwenda kazini au sokoni kukawa hatari, na mashirika hayo yakaorodhesha waliokamatwa na waliotoweka.

Gharama ya kazi hiyo ilikuwa kubwa mno. Mnamo 3 Agosti 2015 Mbonimpa alipigwa risasi akirudi nyumbani kwa gari, kaskazini mwa jiji, upande wa Kinama na Carama. Alinusurika na kwenda uhamishoni Ubelgiji. Novemba mwaka huohuo mwanawe aliuawa baada ya kusimamishwa na polisi katika mtaa wa Mutakura. Serikali iliifuta APRODH mwaka 2016.