Udongo wa Kwetu na Udongo Ulaya: Habari za Nyumba za Kando ya Ziwa Victoria

Hapo kale saruji iliitwa kwa Kiswahili udongo Ulaya. Jina hilo limo katika kamusi za zamani, nalo lina akili ndani yake. Waliolitunga hawakuiita saruji jiwe, wala hawakuiita dawa ya wageni. Waliiona kuwa ni udongo kama udongo mwingine, ila umetoka mbali. Siku hizi maana hiyo imesahauliwa. Mtu akijenga kwa saruji husema, "Nimejenga nyumba." Akijenga kwa udongo wa kwao husema, "Nimejihifadhi tu, mpaka Mungu atakapojalia." Leo nataka kuwasimulia jinsi watu wa Mwanza na wa pande nyingine za Ziwa walivyojenga zamani, na jinsi ujuzi wao ulivyokatika. Maana wako wengi hata sasa wajengao kwa udongo kwa kuwa hawana njia nyingine, nao hujenga pasipo mafundisho, na nyumba ikianguka huulaumu udongo.

Tuanze na udongo wenyewe. Mtu akishuka kutoka penye vilima vya mawe vya Usukuma mpaka bondeni, atakanyaga udongo wa namna nyingi, kila namna mahali pake. Wasukuma wamezipa namna hizo majina. Juu kuna isanga na luseni, udongo wenye mchanga. Chini yake kuna itogolo. Tena kuna ibambasi, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama sakafu. Na chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika ya kuwa udongo wa Afrika ya Mashariki hufuatana kwenye mteremko kama pete za mnyororo, akautolea jina la Kilatini, catena, maana yake mnyororo. Neno hilo latumiwa na wataalamu wa dunia nzima hata leo. Mkulima wa Usukuma alikuwa na jina la kila pete bila kusoma Kilatini.

Majina hayo yalimfaa mkulima, yakamfaa na mjenzi. Udongo wa mbuga hunata sana, lakini huvimba wakati wa mvua, na ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Ukikandikwa peke yake ukutani, ukuta utapasuka vivyo hivyo. Udongo wa mchanga mtupu nao haushikani. Mvua moja yatosha kuuporomosha. Mjenzi hutafuta ulio katikati, au huchanganya. Wengi hupenda udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa amekwisha kuusaga na kuushikamanisha kwa kazi yake mwenyewe. Njia ya kuujaribu ni rahisi hata mtoto wa shule aweza kuifanya: ulowe udongo, finyanga donge la kadiri ya ngumi, uliweke kivulini likauke. Likipasuka, ongeza mchanga. Likivunjika kwa kuminywa kidogo, ongeza udongo unatao. Kisha majani makavu hukatwa vipande vifupi na kukanyagwa pamoja na udongo, ukaachwa umelowa siku kadhaa. Majani hayo si ya kuongeza wingi, kama wengine wadhanivyo. Udongo ukikauka hunywea, na majani huushika usigawanyike, kama nyuzi zishikavyo nguo.

Sasa nyumba yenyewe. Nyumba ya zamani ya Msukuma ilikuwa msonge, yaani nyumba ya mviringo yenye paa la kuchongoka. Nguzo zilichimbiwa chini kwa kuizunguka duara, fito zikafungwa kwa kamba za magome ya miti, kisha ukuta ukakandikwa na kusiribwa. Samadi ya ng'ombe ilichanganywa na udongo mwepesi wa kusiribia, ikaufanya uso wa ukuta kuwa laini na mgumu. Nje ya nyumba palikuwa na ua wa minyaa, ule mti wenye utomvu mweupe ambao mnyama haugusi. Ndani, moto uliwaka kila siku, na moshi wake ulipanda na kupenya katika nyasi. Mgeni aliyeingia alikohoa akadhani watu hawa hawajui kutoboa dirisha. Lakini moshi huo uliwafukuza wadudu walao nyasi na miti, na nyumba iliyokaa bila moto huoza paa lake mapema kuliko nyumba yenye wakaaji.

Katika kuezeka ndimo palipokuwa na elimu kubwa kuliko yote. Nyasi hukatwa zikiisha kukomaa na kukauka, maana nyasi mbichi huoza. Huanzwa chini ukingoni na kupanda juu, kila safu ikiifunika iliyo chini yake, ili maji yatoke safu hata safu yasipate njia ya kuingia. Tena paa lazima liwe na mteremko mkali. Paa la bati laweza kulala karibu sawasawa na ardhi, na maji yatakwenda. Paa la nyasi likilala hivyo, maji hukaa, yakazama, yakaozesha. Nimeona nyumba nyingi za mstatili zilizoezekwa nyasi kwa mteremko wa bati. Mwenye nyumba amechukua umbo la nyumba ya kigeni na vifaa vya babu yake, wala hakuna aliyemwambia ya kuwa hivyo viwili havikubaliani. Ukingo wa paa nao ulitokezwa mbali nje ya ukuta, kwa sababu adui wa ukuta wa udongo ni maji yamwagikayo chini na kuruka matone, yakaula ukuta mguuni.

Kazi ilikuwa na majira yake. Mwanza hupata mvua za vuli, hasa Novemba na Desemba, na za masika tangu Machi hata Mei. Basi ujenzi ulikuwa wa kiangazi, baada ya mavuno. Tena haikuwa kazi ya mtu mmoja. Vijana wa Usukuma walikuwa na vyama vyao vya kazi, wakiwa na kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, nao walikwenda kwa mwenye kuhitaji msaada wakafanya kazi pamoja kwa nyimbo. Kijana aliyehudhuria kazi hizo mwaka baada ya mwaka alikuwa amekwisha shika nguzo, fito na nyasi za nyumba nyingi kabla ya kujenga yake. Hiyo ndiyo shule yao. Haikuwa na ubao wala daftari, na kwa hiyo wengi hawakuitambua kuwa ni shule hata ilipokwisha fungwa.

Sitaki mdhani nasifu kila cha zamani. Paa la nyasi huwaka, na likishika moto jamaa hutoka na roho zao tu. Mchwa hula nguzo zilizochimbiwa ardhini. Tena yuko papasi, aishiye katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, akatoka usiku kuwauma watu waliolala na kuwatia homa. Mambo ya homa hiyo yalichunguzwa Uganda mwaka 1904, na Kongo mwaka 1905, ambako daktari Dutton aliyekuwa akiichunguza alikufa kwa homa iyo hiyo. Mwaka huo wa 1905 Robert Koch, yule bingwa wa Kidachi, aliichunguza katika nchi yetu pia. Lakini angalieni neno lile: nyufa. Ukuta uliochanganywa vizuri na kusiribwa mara kwa mara hauna nyufa nyingi. Papasi hupata makao pale ambapo mafundi wamekwisha na ukuta umeachwa.

Basi ujuzi huo ulikatikaje? Mwaka 1897 serikali ya Wadachi ilitoa amri ya kodi ya nyumba, nayo ikaanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya shamba ilitakiwa rupia 3. Waingereza nao wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Nyumba ikihesabiwa kwa kodi, mwenye kujenga nyingi hujitafutia gharama, na mwenye busara huwasonga watu wake katika moja. Hilo lilikuwa pigo la kwanza. Halafu reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na meli za Ziwa zikawa zinaleta bidhaa za pwani mpaka Mwanza. Na mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika. Bati likaja kwa njia hizo, na fedha za pamba zikalinunua. Siwalaumu walionunua. Bati haliungui upesi, wala halitaki nyasi mpya, na mwanamke aweza kukinga chini yake maji safi ya mvua. Bali likawa pia alama ya heshima, na nyasi zikawa alama ya umaskini, na kijana hapendi kujifunza kazi ya maskini.

Nyasi na miti vikawa haba pia. Katika miaka ya 1920 na 1930 misitu mingi ya Usukuma ilikatwa ili kumfukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba na wingi wa ng'ombe vikaimaliza mingine. Zamani kila jamaa ilikuwa na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa wakati wa kiangazi, na humo ndimo zilimopatikana nyasi ndefu za kuezekea na miti midogo ya fito. Ngitili zikapungua. Kisha, mwezi wa Novemba 1973, Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kukaa vijijini ni amri, na mpaka mwisho wa mwaka 1976 watu wote wawe wamehamia. Jamaa walioacha nyumba zao walijenga upya kwa haraka, wengine bila kungoja majira ya nyasi. Ngitili zilizobaki nyuma zikakosa wa kuzitunza.

Nyerere mwenyewe, alipolitazama Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, mwaka 1977, aliwalalamikia watu kwa kuiona saruji na bati kuwa ndiyo nyumba, hali udongo wa matofali na vigae uko miguuni pao. Akaitaja saruji kwa jina lile lile la udongo wa Ulaya. Wakati huo kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilikuwa kimekwisha kutengeneza saruji tangu mwaka 1966, kwa hiyo udongo huo haukuwa tena wa Ulaya. Kwa mtu wa Mwanza, hata hivyo, ulikuwa umesafiri kilomita zaidi ya 1,000 kabla ya kufika kwake, naye aliulipia nauli.

Wengi walifuata njia ya katikati: matofali ya kuchoma. Ni mazuri, yakichomwa barabara. Lakini tanuru moja hula miti mingi, na mahali palimwapo mpunga ni afadhali wale wachomao kwa pumba. Tena tofali zuri halitoshi. Tarehe 10 Septemba 1916 — samahani, msomaji asichanganye na vita vya Wadachi — ni mwaka 2016, tetemeko la nchi lenye nguvu ya 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, ng'ambo ya Ziwa upande wa magharibi, likaua watu zaidi ya 15 na kuvunja nyumba kwa maelfu. Ukuta mzito wa matofali ambao hauna kitu cha kuufunga juu pande zote hufunguka kama kasha. Nyumba ya fito zilizofungwa kwa kamba huyumba, ikadondosha udongo wake, lakini nguzo na fito hubaki zimeshikana.

Huko Kagera ndiko kwenye msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake hushuka kutoka kileleni mpaka chini, ukuta usionekane. Ukivuka mpaka na kufika Kampala, utaona nyumba ya namna hiyo kubwa mno katika kilima cha Kasubi. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe jumba lake, na alipokufa mwaka 1884 akazikwa humo, na makabaka watatu waliomfuata nao wakazikwa humo. Kuiezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, nao hufundishana kazi hiyo wao kwa wao. Mwaka 2001 nyumba hiyo iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikaungua.

Fedha za kuijenga upya zilipatikana Uganda na ng'ambo pia. Hata hivyo kazi ilichukua miaka mingi, na mojawapo ya sababu ni kwamba nyasi zenyewe zilipaswa kutafutwa, na vijana wakafundishwa kuziandaa na kuzifunga chini ya macho ya wazee waliokuwa bado wanajua. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kwetu, wenye kutaka kuona msonge wa Kisukuma na waende Bujora, katika Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, ambako padre David Clement, mtu wa Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Hata kanisa la hapo limejengwa kwa mviringo. Na huko Shinyanga, kazi ya hifadhi ya ardhi iliyoitwa HASHI, iliyodumu tangu mwaka 1986 hata 2004, iliwarudishia watu ngitili zao katika maelfu ya hekta. Katika mazao ya ngitili hizo, pamoja na kuni, dawa, asali na malisho, wenyeji huhesabu nyasi za kuezekea.